Maofisa wanaokwenda Beni na Ituri: somo la utamaduni liwe na nini?

Mpangaji_Mafunzo

Wakuu, heshima kwenu. Naandaa somo la utamaduni kwa maofisa wanaokwenda kulinda amani mashariki mwa Kongo. Ni mameja na makapteni watakaoongoza kombania, pamoja na maluteni wa platuni, jumla 32. Nina siku tano, saa sita kila siku. Wengi watakuwa Beni, wachache Ituri.

Ratiba niliyoikuta ina siku mbili nzima za historia tangu enzi za Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo, halafu orodha ndefu ya "fanya hiki, usifanye kile". Na karibu kila ofisa ana hoja moja: Kiswahili tunakijua, wale ni ndugu zetu, somo hili wapewe Wanepali na Wauruguay.

Naomba msaada kwenye mambo matatu. Hiyo hoja ya Kiswahili niijibu vipi? Ofisa aingieje kijijini mara ya kwanza? Na nitapimaje kama wameiva, maana mtihani wa kuchagua jibu sahihi wote wanaufaulu?

---

Mama_Tafsiri

Mpangaji, anza na lugha, kwa sababu hapo ndipo Watanzania na Wakenya wanapoanguka kuliko Wanepali. Mnepali anajua kwamba haelewi, basi anamwita mkalimani. Ofisa wetu anasikia maneno anayoyafahamu, anaridhika, na kosa linapanda hadi brigedi ndani ya ripoti.

Wape maneno haya siku ya kwanza, saa ya kwanza, kabla hawajajua somo linahusu nini. Waandike maana ya kila neno, kisha waonyeshe maana ya huko.

*Wazalendo.* Kwetu ni sifa. Kivu Kaskazini, tangu vita na waasi wa M23 viliporudi, ni jina la makundi yenye silaha yanayopigana upande wa serikali. Kamanda akisimama mbele ya kijiji na kusema "nyinyi ni wazalendo wa kweli", amewataja raia kuwa wapiganaji, tena hadharani.

*Kadogo.* Watoto walioingizwa vitani mwaka 1996 na 1997 waliitwa hivyo, na jina likabaki kuwa la askari mtoto. Usimwite mtoto wa kijijini kadogo hata kwa upendo.

*Afande.* Huko neno hili limeshikamana na majeshi yaliyovuka kutoka Rwanda na Uganda, na makundi yaliyozaliwa humo. Ofisa wa FARDC, jeshi la serikali ya Kongo, huitwa kwa Kifaransa: *mon capitaine*, *mon colonel*. Raia wanamwita askari "shefu".

*Mnyarwanda.* Hili ndilo la hatari zaidi. Kwetu ni mtu wa taifa fulani, basi. Kwa Masisi na Rutshuru, huko huko Kivu Kaskazini, ni swali la kama mtu ana haki ya kuwa pale alipo. Sheria ya 1972 iliwapa uraia wengi wanaosema Kinyarwanda, ya 1981 ikawanyang'anya, ya 2004 ikaurudisha kwa masharti yake. Katikati hapo watu waliuana kwa ajili ya ardhi. Ofisa asiulize kabila la mtu mbele ya watu, kamwe. Habari hiyo ataipata kwa njia nyingine ikiwa kweli anaihitaji.

Kisha kuna maneno madogo ambayo yanaharibu taarifa za kijeshi kimyakimya. "Bibi" ni mke, si nyanya. "Juu ya nini?" ni kwa nini. "Nyuma ya" na "mbele ya" hutumika kwa wakati: baada ya na kabla ya. Mwanakijiji akisema watu wenye silaha walipita "nyuma ya misa", ofisa asichore mshale nyuma ya kanisa kwenye ramani. Dawa ni kuuliza mara mbili kwa njia mbili tofauti: walipita saa ngapi, na walipita upande gani. Halafu mtu aonyeshe kwa mkono.

Namba, bei, tarehe na saa watu wengi huzitaja kwa Kifaransa katikati ya Kiswahili. Namba 1 hadi 100, siku za juma, miezi na saa, zote kwa Kifaransa: hiyo ni kazi ya jioni mbili, na ina faida kuliko mhadhara wowote wa Leopold. Na msisahau kwamba Beni na Bunia ziko saa moja nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi, wakati Kinshasa iko saa mbili nyuma. Ofisa ambaye hajabadilisha saa ya mkononi anafika kwenye kikao saa nzima kabla ya wenzake na kuanza kulalamika kwamba Wakongo hawajali muda. Miadi yoyote itajwe kwa saa 24, na kanda ya saa iandikwe.

Salamu: "jambo", ambayo kwetu pwani tunaiona ya watalii, huko ni salamu halali ya kila siku. "Shikamoo" wataielewa, ila wengi hawana mazoea ya kuitikia. Na Kiswahili si lugha ya kila mtu. Beni wengi ni Wanande na nyumbani wanasema Kinande. Mama mzee wa kijiji cha ndani anaweza kuwa na Kiswahili cha sokoni tu, cha bei na salamu. Jeshi la serikali nalo linaendeshwa kwa Kilingala na Kifaransa. Kwa hiyo mkalimani anahitajika hata kwa Mtanzania.

Kuhusu mkalimani, kanuni ni chache. Akae pembeni na nyuma kidogo, ili ofisa amtazame anayeongea naye. Sentensi moja au mbili, kisha nyamaza. Mkutano ukiisha, kaa naye dakika kumi peke yenu umuulize nini kilisemwa ambacho hakikutafsirika. Asitumwe kujadiliana badala ya kamanda. Asivalishwe sare za jeshi. Na Ituri, kabla ya kumpeleka mtu eneo la Djugu, ujue kijiji kitamwonaje: Wahema na Walendu ni jamii zenye uhasama, na mkalimani Mhema katika kijiji cha Walendu, au kinyume chake, anaweza kufunga midomo yote kabla hajafungua wake.

---

Ruwenzori77

Naongeza kwenye swali la pili, kwa sababu "kaone kwanza chifu" ni ushauri unaorudiwa sana na hautoshi.

Kwanza, chifu yupi? Teritwari (ni kama wilaya) ya Beni ina sehemu nne: Bashu na Watalinga ni *chefferie*, Beni-Mbau na Ruwenzori ni *secteur*. Kwenye chefferie anayeongoza ni mwami, na cheo ni cha kurithi. Kwenye secteur mkuu ni mtu wa utawala. Chini yao kuna mkuu wa *groupement*, yaani vijiji kadhaa pamoja, kisha wa kijiji. Miji ya Beni na Butembo ina mameya, kwa hiyo nayo ni mambo mengine. Ofisa anayempa mkuu wa secteur heshima za mwami, au anayempita mwami akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa kijiji, ataonekana hakujifunza chochote kabla ya kuja.

Pili, tangu 6 Mei 2021 Ituri na Kivu Kaskazini ziko chini ya utawala wa kijeshi. Gavana na wasimamizi wa teritwari ni maofisa wa jeshi au polisi. Ukiishia kwao umeongea na upande mmoja wa vita. Lazima upite kwao, ndiyo, lakini sauti za watu utazipata kwa wengine: mkuu wa kimila, viongozi wa makanisa, walimu, kina mama wa soko, na jumuiya za kiraia. Huko "société civile" ina rais wake na ofisi zake kila mahali, na redio za mitaa humpigia simu yeye kabla ya kumpigia msemaji wa MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani Kongo.

Ziara ya kwanza naipanga hivi. Siku mbili kabla, habari ipelekwe kupitia msaidizi wa mahusiano ya jamii wa ujumbe. Hawa ni raia wa Kongo walioajiriwa na MONUSCO, wengine wanakaa kwenye kambi za kombania, na ndio hazina kubwa kuliko zote aliyonayo kamanda. Wengi huwatumia kama wakalimani tu. Ni hasara kubwa, kwa sababu kazi yao ni kusoma eneo.

Epuka Jumapili, siku ya gulio, na asubuhi ya salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi na barabara, ambayo mara nyingi huwa Jumamosi. Magari yasiingie yote: mawili yabaki mwanzoni mwa kijiji na walinzi, kamanda aingie kwa miguu na watu wanne au watano. Mtutu chini, miwani ya jua mfukoni. Kofia ya chuma aivue tu kama hali inaruhusu, na uamuzi huo aufanye kabla ya kushuka kwenye gari, si mbele ya watu. Mwenyeji ndiye anayeonyesha pa kukaa na ndiye anayefungua mazungumzo. Dakika ishirini za kwanza ni za kujuliana hali, na hapo hakuna kinachopotea.

Kamanda akipita ofisi ya serikali wakati bendera inapandishwa asubuhi au kushushwa jioni, msafara usimame. Kila mtu husimama, wa miguu na wa gari. Gari jeupe lenye maandishi ya UN likiendelea kutembea ni tusi, na watu hulisema kwa miezi.

Maswali sasa. Mbele ya watu usiulize "mmewaona waasi?" Atakayejibu amejiuza. Uliza mambo ya maisha: shambani mnafika mpaka wapi siku hizi? Soko limehama? Watoto wanapitia njia gani kwenda shule? Mama akisema wameacha kulima ng'ambo ya mto, umepata taarifa ya kijasusi bila mtu yeyote kutaja jina. Wanawake wasikilizwe mahali pao, na askari wa kike ndio waongoze. Si mapambo: wao ndio wanaokwenda shambani na kisimani, wao ndio wa kwanza kuona nyayo.

Na kama kuna mtu ana habari nzito, usiingie nyumbani kwake tu. Ingia nyumba sita au saba, kaa muda unaolingana kila moja. Watu wameuawa kwa sababu askari wa kulinda amani walionekana wakinywa chai kwao.

Mwisho wa ziara usiahidi ulinzi. Taja jambo moja dogo ambalo liko ndani ya uwezo wako na siku utakayolitimiza, kisha litimize. Hasira zilizolipuka Goma na Butembo Julai 2022 hazikutokana na kukosa adabu za salamu. Watu walikuwa wameahidiwa kulindwa kwa miaka mingi huku wakizika ndugu zao.

---

Kombania_C

Nakubaliana na wote wawili ila mmesahau nusu ya kazi. Kamanda wa kombania, siku nyingi, anashughulika zaidi na wanajeshi wa mataifa mengine kuliko na raia. Brigedi ya Kuingilia Kati iliyoundwa kwa azimio 2098 la Machi 2013 ilianza na Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, majeshi matatu ya kusini na mashariki mwa Afrika, na bado tofauti za namna ya kupokea amri zilikuwepo.

Kosa linalorudiwa ni neno "ndiyo". Katika baadhi ya majeshi, ofisa wa chini akisema ndiyo anamaanisha nimekusikia, si nimeelewa, wala si naweza. Ukimuuliza "umeelewa?" atajibu ndiyo tena, kwa sababu kukataa ni kumvunjia mkubwa heshima. Uliza vingine: "Nieleze utaanzaje, na nini kitakukwamisha." Kila kiongozi arudie amri kwa maneno yake kwenye ramani ya mchanga, na mkubwa asikatize. Hii peke yake ipewe saa tatu za mazoezi.

Kwa FARDC kuna jambo gumu zaidi. Umoja wa Mataifa una sera inayozuia kusaidia vikosi vya usalama ambavyo kuna sababu ya kuamini vitavunja haki za binadamu. Mwaka 2015 MONUSCO ilisimamisha msaada kwa operesheni dhidi ya FDLR, waasi wenye asili ya Rwanda, kwa sababu ya majenerali wawili waliopewa uongozi. Kwa kamanda wa chini hilo hutokea kwa sura ndogo: kanali wa upande wa pili anaomba mafuta au usafiri, na jibu ni hapana. Hapana hiyo isitolewe mbele ya wasaidizi wake. Mwende pembeni, wawili, useme uamuzi umetoka juu na njia ya kuomba upya ni hii. Usimhubirie. Na kumbuka mishahara yao huchelewa na familia zao mara nyingi ziko nao kambini. Anayekuomba mafuta pengine hana kabisa. Kulijua hilo hakubadilishi jibu, kunabadilisha sauti ya kulitoa.

Pingamizi langu dogo kwa Ruwenzori77: tahadhari na hizo dakika na idadi za watu. Wape maofisa sababu kwanza. Akijua kwa nini magari yanabaki nje, ataamua mwenyewe siku ambayo mvua au milio ya risasi imebadilisha kila kitu.

---

Mpangaji_Mafunzo

Asanteni sana, tayari nimekata historia hadi saa mbili. Nafikiria kuleta wakimbizi wa Kongo kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, waigize wanakijiji. Mnaonaje?

---

Mama_Tafsiri

Usifanye hivyo, Mpangaji. Sababu mbili. Wengi wa Nyarugusu wametoka Kivu Kusini, upande wa Fizi na Uvira, na Wabembe ni wengi. Utawafundisha maofisa wa Beni Kiswahili na desturi za mahali pengine. Ya pili ni nzito zaidi: unamwomba mtu aliyekimbia wenye silaha akae mbele ya wenye silaha na kuigiza siku hiyo tena. Hata akikubali kwa sababu ya posho, si haki.

Tafuta Wakongo wa Butembo au Beni wanaofanya biashara au kusoma Dar es Salaam. Watano wanatosha. Walipwe vizuri, waambiwe mazoezi yote kabla, na wawe na haki ya kusimamisha zoezi wakati wowote. Mmoja awe na kazi moja tu: kusikiliza Kiswahili cha maofisa na kuandika kila neno ambalo kijijini lingeeleweka vibaya.

---

Ruwenzori77

Kuhusu kupima, hapo ndipo mazoezi yanapolipa. Zoezi la dakika 25, ofisa mmoja na wanakijiji watano, lirekodiwe kwa simu. Siku ya kwanza kila kiongozi wa kombania apite bila maandalizi yoyote, siku ya tano arudie zoezi tofauti lenye ugumu uleule. Mwalimu ajaze karatasi yenye mambo yanayohesabika:

– Ofisa aliongea sehemu gani ya muda? Ikizidi theluthi moja, amehubiri.
– Maswali mangapi yalikuwa ya kujibiwa ndiyo au hapana?
– Je, kuna mtu alisukumwa kutaja jina au kabila mbele ya wengine? Likitokea mara moja tu, amefeli zoezi zima.
– Aliahidi nini, na kiko ndani ya uwezo wake?
– Alipoambiwa jambo lenye maana mbili, aliuliza tena?
– Alimtumiaje mkalimani?

Baada ya zoezi, mwanakijiji ndiye aongee kwanza, si mwalimu: "Uliposema hivi, nilielewa hivi." Meja anaweza kubishana na mwalimu kutwa nzima, lakini hawezi kumbishia mtu anayemweleza alivyojisikia.

Weka humo mtego wa mkusanyiko wenye hasira pia. Barabara imefungwa kwa mawe, vijana wanaimba, msafara una magari manne. Jibu zuri ni kusimama mbali, kumpigia msaidizi wa mahusiano ya jamii, na kutafuta mtu anayeheshimika ndani ya umati wa kuongea naye kwa utulivu. Wengi watasonga mbele wakiamini kwamba Kiswahili chao kitawatuliza watu. Wacha washindwe hapo, darasani.

---

Kombania_C

Mambo matatu ya mwisho ambayo hayana budi kuingia hata kama muda umeisha.

Unyonyaji wa kingono: ngono na mtu wa chini ya miaka 18 ni marufuku, na "sikujua umri wake" si utetezi. Kubadilishana pesa, chakula au kazi kwa ngono ni marufuku bila kujali umri. Tangu azimio 2272 la 2016, kikosi kizima kinaweza kurudishwa nyumbani. Maofisa wengi wanaijua sheria, lakini hawajui kosa linaanzia wapi kambini: linaanzia kwenye uzio. Mtoto anapewa biskuti, kesho anakuja na dada yake. Mabaki ya chakula yasipitishwe uzioni hata siku moja. Kama kuna chakula cha kutoa, kipite kwa kitengo cha raia na kanisa au shirika la pale. Kamanda azunguke uzio mwenyewe jioni, kwa saa zisizotabirika.

Makala, yaani mkaa: sehemu kubwa inatoka misitu ya Hifadhi ya Virunga, na biashara hiyo imelisha makundi yenye silaha. Jiko la kombania likinunua mkaa barabarani, kijiji chote kinaona kamanda amelipa nani. Nyama ya porini ni vilevile.

Miradi ya haraka ya jamii, ile ambayo kwa kawaida haizidi dola 50,000: kabla ya kuchimba kisima, uliza ardhi ni ya nani, nani atashika ufunguo wa pampu, na kijiji jirani kinachota wapi. Uliza pande zote mbili, siku tofauti. Majibu yakipishana, usichimbe mpaka wakae pamoja na wamalize wao kwanza.